Mtoto Hasikii: Historia ya Neno Moja, Kutoka Kilwa Hadi Lindi

Kuanzia Somanga hadi Mchinga, Kilwa Kivinje hadi mitaa ya Lindi mjini, mzazi aliyeshindwa na mwanawe hutumia neno moja kueleza yaliyomkuta: hasikii. Mtoto huyu hasikii. Nimemwita mara tatu, hasikii. Mwalimu wake naye akiitwa atasema hivyo hivyo. Ukilitazama vizuri neno hili utaona limebeba mambo matatu. La kwanza ni la sikio: sauti haikumfikia. La pili ni la akili: sauti imefika, lakini maneno hayakukaa. La tatu ni la tabia: maneno yamekaa, ila mtoto amekataa kutii. Kiswahili kimeyafunga yote matatu katika kitenzi kimoja, na methali ikagonga muhuri: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto mwema ni msikivu. Asiyesikia tunamhukumu kabla ya kuuliza ni lipi kati ya yale matatu limemsibu.

Kwa watoto wengi jambo hili si zito. Wanakua, wanatulia, na utukutu wao unabaki kuwa hadithi ya kuchekesha siku ya harusi yao. Lakini kwa makadirio yanayotumiwa sana na watafiti, karibu mtoto mmoja katika kila watoto 20 duniani ana hali ambayo madaktari huiita ADHD, yaani upungufu wa umakini, utukutu na pupa vilivyopita kiasi cha umri wake. Mtoto wa miaka mitano mwenye hali hii masikio yake ni mazima, na mara nyingi nia yake ni njema. Mwambie avae viatu, achukue begi, kisha afunge mlango. Ataondoka mbio kufuata viatu, njiani ataona mjusi ukutani, na habari ya viatu itaishia hapo. Tatizo lake ni lile jambo la pili, maneno kukaa. Anaadhibiwa kwa lile la tatu.

Historia ya mchanganyo huo inaweza kufuatiliwa katika pwani yetu ya kusini, ambako watu wazima wamekuwa wakiwasemesha watoto watukutu karne nyingi kabla ya herufi hizo nne kutungwa. Simpi mtoto wa zamani ugonjwa wa leo, maana daktari hupima mtoto aliye hai, akamuuliza mzazi, akamuuliza na mwalimu. Ninachotazama ni watu wazima: walifanya nini ili wasikike, na waliposhindwa walifanya nini.

Tuanzie nyumbani, kwenye jambo dogo ambalo kila aliyelelewa pwani analijua. Mtu mzima hamsemeshi mtoto hewani. Kwanza humwita, na mtoto sharti aitikie. Bibi yuko uani Kivinje, anamwita mjukuu wake kwa ule utani wa bibi na mjukuu.

"Mume wangu we!"

"Naam, bibi."

"Njoo hapa." Mtoto anakuja, anasimama mbele yake. "Nenda dukani, mwambie akupe chumvi ya mia tano. Nimesemaje?"

"Chumvi ya mia tano."

"Haya, kimbia."

Angekuwa msichana angeitika "abee", na wazee wengine bado hutaka kusikia "labeka". Tunachukulia hayo kuwa ni heshima tu, na kweli ni heshima. Lakini hebu tazama mpangilio wake. Jina linatangulia, kisha jibu linaloonyesha kwamba akili ya mtoto imegeuka. Halafu anasogea mpaka yuko mbele ya macho ya msemaji. Anapewa agizo moja fupi, analirudia kwa kinywa chake, na anatumwa papo hapo, maneno yakiwa bado ya moto. Hakuna hatua hata moja ya bure. Mtoto ambaye maneno hayakai amejengewa ngazi ya kuyakalisha.

Hadithi za usiku zilikuwa na ngazi ya namna hiyo hiyo. Msimuliaji hakuanza mpaka asikie watu wako naye: paukwa, wanajibu pakawa, kitendawili, wanajibu tega. Kitendawili chenyewe ni swali la pumzi moja, na jibu lake huthibitishwa pale pale. Ukikosa unaombwa mji, wote wanacheka, mchezo unaendelea. Mtoto mwenye akili inayorukaruka anaweza kukaa kwenye vitendawili nusu saa nzima, wakati mahubiri ya dakika tano yamemshinda.

Nje ya nyumba kulikuwa na chuo. Ibn Battuta alipofika Kilwa Kisiwani mwaka 1331 alikuta mji wa Kiislamu uliostawi. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, alijulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, na mgeni huyo aliwasifu wakazi kwa uchamungu wao. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao magofu yake yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, ulikuwa umesimama kabla hajafika. Penye msikiti pana chuo, na chuo cha pwani kimekuwa na umbo lake linalofahamika: baraza la nyumba ya mwalimu, mkeka, watoto wa umri tofauti wamechanganyika, kila mmoja na ubao au juzuu yake.

Kila mtoto husoma alipofikia yeye, si alipofikia mwenzake. Wote husoma kwa sauti, kila mtu lake, miili ikiyumba mbele na nyuma. Mgeni akipita atadhani ni fujo. Mwalimu humwita mmoja mmoja, akasoma aya zake chache, akasahihishwa ana kwa ana, akarudi mkekani. Katikati ya masomo wako wanaotumwa maji au kuni. Mtoto ambaye mwili wake hautulii hakuwa na sababu ya kujificha: kuyumba ni sehemu ya kusoma, sauti inatakiwa, na kutumwa kunampa nafasi ya kukimbia na kurudi.

Bakora nayo ilikuwepo. Kila mwalimu wa chuo alikuwa na yake, na wazazi wengi walimkabidhi mtoto wao wakijua hivyo. Pwani ya zamani haikuwa bustani ya watoto. Ninachosema ni kwamba bakora ile ilikaa ndani ya mpango wa kufundisha ambao, mbali na bakora yenyewe, ulimpa mtoto mtukutu njia nyingi za kufanikiwa.

Huko bara, nyuma ya Lindi, Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua walikuwa na shule nyingine, jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Somo lilipitia mwilini: ngoma, nyimbo zenye maana iliyofichwa, mafumbo, vitendo vinavyorudiwa usiku baada ya usiku hadi viwe sehemu ya mtu. Mwali hakuachwa peke yake. Alikuwa na mtu mzima wa kumsimamia. Hapa pia tusifunike uchungu. Kulikuwa na kisu, vitisho na hofu, na mambo mengine yaliyofanyika huko hayastahili kutetewa. Lakini ile njia ya kufundisha ilikuwa na nguvu kiasi kwamba wamisionari walishindwa kuipuuza. Masasi, mapema katika karne ya 20, padri Mwingereza Vincent Lucas alianzisha jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi. Pamoja na shule zake zote za madarasa, misheni ile ilikubali kwamba kuna mambo mtoto wa kusini husikia vizuri zaidi akiwa amesimama anacheza.

Hata hivyo, si kila mtoto wa pwani ile alikuwa na haki ya kuwa mtundu. Tunaye shahidi mmoja wa jambo hili, Salma binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sayyid Said, sultani ambaye himaya yake ilifika hadi bandari za Kilwa na Lindi. Baadaye aliolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani. Anajieleza kuwa alikuwa mtoto asiyekaa: alipenda farasi, silaha na michezo ya wavulana. Siku moja alipanda mnazi mrefu bila kamba miguuni, akakaa juu huko huku nyumba nzima imeingiwa na hofu. Mama yake alilia, akambembeleza ashuke, akamwahidi vitu vizuri. Aliposhuka salama alipewa zawadi, ingawa yeye mwenyewe anakiri kwamba alistahili adhabu.

Mama yule alikuwa ameelewa jambo moja: mtoto aliye juu ya mnazi hafokewi. Unamsemesha polepole, kwa sauti ya chini, kwa maneno machache.

Sasa tuvuke bahari hadi Kilwa Kivinje katika miaka ile ile. Katika miaka ya 1860 watumwa wengi waliofikishwa soko la Unguja walipitia hapo, baada ya kutembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Watoto walikuwemo misafarani. Katika kundi lile bila shaka walikuwapo watoto wa aina ya Salma, wenye miguu isiyotulia na akili inayokimbilia kila kinachopita. Hakuna aliyewabembeleza. Biashara hiyo ya baharini ilipigwa marufuku rasmi mwaka 1873, lakini mgawanyo wake tunauona hadi leo: kuna mtoto ambaye utundu wake unaitwa uchangamfu, na kuna ambaye utundu ule ule unaitwa ukaidi, kutegemea ni mtoto wa nani.

Kisha wakaja Wajerumani. Septemba 1888 watu wa Kilwa Kivinje waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imechukua pwani, na maajenti wake wawili wakauawa. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani nyuma ya Kilwa, alinyongwa Kivinje, na mahali hapo pakabaki na jina la Mwembe Kinyonga. Serikali mpya ilihitaji makarani, makatibu na maakida wanaojua kusoma na kuandika. Shule ya kwanza ya serikali ilifunguliwa Tanga mwaka 1892, na baadaye Kilwa na Lindi nazo zikapata shule zao.

Shule hiyo ilileta mambo mengi mazuri ambayo hakuna anayetaka kuyarudisha yalikotoka. Pamoja nayo ilileta umbo jipya la kusikia. Watoto walipangwa safu, wakitazama upande mmoja. Saa iligawa siku. Somo moja lilitolewa kwa wote kwa wakati mmoja, na kimya ndicho kilichokuwa dalili ya kujifunza. Kuyumba kukawa utovu wa nidhamu, na kusoma kwa sauti yako mwenyewe kukawa kelele. Yule mtoto ambaye chuoni angeonekana mchangamfu tu, darasani alionekana kasoro tangu siku ya kwanza.

Nje ya shule, dola lenyewe lilikuwa na namna yake ya kusemesha watu. Agizo la Kansela wa Ujerumani la mwaka 1896 liliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, na watu wakaiita adhabu hiyo hamsa ishirini. Ilikuwa lugha ya kila siku ya kodi na kazi za kulazimishwa. Mwaka 1905, Wamatumbi wa milima ya nyuma ya Kilwa walipong'oa pamba ya serikali na vita vya Majimaji vikaanza, jibu lilikuwa risasi, kamba ya kitanzi na njaa. Mtoto aliyekua Kilwa katika miaka hiyo alijifunza kwa macho yake kwamba mkubwa akitaka kusikika hutumia fimbo, na kwamba asiyesikia ni mwasi. Bakora ya mwalimu ilikuwa ya zamani kuliko Mjerumani. Lakini sasa ilikuwa imepata serikali nzima nyuma yake.

Cha ajabu ni kwamba Wajerumani hao walimjua mtoto mtukutu vizuri. Walikuwa wamekua naye kitabuni. Mwaka 1844 daktari wa Frankfurt, Heinrich Hoffmann, alikosa kitabu kizuri cha kumpa mwanawe mdogo siku ya Krismasi, akaamua kumtungia mwenyewe. Kilichapishwa mwaka 1845, na katika matoleo ya mapema akaongezwa mtoto Philipp asiyetulia mezani. Baba anamtaka akae kimya. Mama anatazama tu, hasemi neno. Philipp haisikii kauli ya baba, anabembea na kiti chake, na mwishowe anaanguka na kitambaa cha meza, sahani na chakula vyote. Madaktari wengi humtaja Philipp wanapoeleza historia ya ADHD. Mimi hunivutia zaidi wale watu wazima wawili. Mmoja anasema kutoka upande wa pili wa meza, mwingine amenyamaza. Hakuna aliyemsogelea mtoto.

Elimu ya tiba nayo ilichukua muda mrefu kuona tofauti kati ya kutosikia na kutotii. Mwaka 1902 George Still, daktari wa watoto jijini London, alitoa mihadhara kuhusu watoto wenye akili za kawaida ambao hawakuweza kujizuia wala kutulia juu ya jambo moja. Alikuwa makini katika kueleza alichokiona. Lakini jina alilolipa tatizo lilikuwa upungufu wa udhibiti wa kimaadili. Daktari wa London, kama jirani yetu wa Kivinje, alikuwa ameweka tabia mbele ya akili.

Mwaka 1937, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, Charles Bradley aliwapa watoto wa hospitali yake dawa ya kuchangamsha, akashangaa kuona wengi wao wakitulia na kufanya vizuri darasani. Mwaka 1944 mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi, alitengeneza dawa nyingine ya aina hiyo. Jina lake la biashara, Ritalin, lilitokana na jina la mkewe Rita. Mwaka 1968 kitabu cha uainishaji cha madaktari wa akili wa Marekani kiliitaja hali hii kwa jina la utukutu wa utotoni. Ni mwaka 1980 tu ambapo umakini uliwekwa kwenye jina lenyewe, baada ya kazi ya watafiti kama Virginia Douglas wa Kanada aliyeonyesha kwamba tatizo la watoto hawa ni zaidi ya miguu yao. Jina la ADHD likafuata mwaka 1987. Kwa maneno yetu, ilichukua sayansi karibu karne nzima kutenganisha maana ya pili ya hasikii na ile ya tatu.

Wakati huo Tanzania ilikuwa na kazi nyingine kubwa: kumfikisha kila mtoto shuleni. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba na kazi za mikono pamoja na kitabu. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikaifanya kuwa lazima. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Mtoto wa mvuvi wa Songosongo na wa mkulima wa ufuta wa Nachingwea sasa wana dawati, au angalau wana haki ya dawati. Hili ni jambo la kujivunia.

Gharama yake imeangukia mazungumzo. Kiwango rasmi cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na shule nyingi zimekipita. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kumwita mmoja mmoja mbele yake kama mwalimu wa chuo. Hana muda wa kuuliza "nimesemaje?" mara 80. Kinachobaki mkononi mwake ni sauti kubwa na fimbo. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi sita. Kanuni za 2002 zikapunguza hadi vinne, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na kwa kuandikwa kitabuni. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Sisi bado tunavihesabu.

Kwa mtoto mwenye ADHD, fimbo ina kasoro hata kabla hatujafika kwenye utu. Inamfikia akiwa ameshasahau alichofanya. Inamwambia alichokosea, haimwambii cha kufanya sasa. Na kwa kuwa kosa lake hutokea mara 20 kwa siku, ama atachapwa mara 20, ama atachapwa kwa bahati nasibu, na vyote viwili vinamfundisha kwamba watu wazima hawatabiriki. Baada ya mwaka mmoja wa hivyo ndipo kweli anaanza kukataa kutii. Jambo la tatu, ambalo halikuwepo, limetengenezwa na sisi wenyewe.

Leo madaktari wanashauri nini kuhusu mtoto mdogo? Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unasema kwamba kwa mtoto wa miaka minne na mitano, tiba ya kwanza ni mafunzo kwa wazazi. Mwongozo wa Uingereza wa 2018 unasema karibu hayo hayo kwa walio chini ya miaka mitano. Dawa huja baadaye, panapohitajika, na kwa watoto wengine wakubwa kidogo inasaidia sana. Lakini kwa mtoto mdogo, anayebadilishwa kwanza ni mtu mzima na namna yake ya kusema. Na wazazi hao hufundishwa nini? Msogelee mtoto. Mwite jina, subiri akutazame. Toa agizo moja, fupi, linalosema cha kufanya badala ya cha kuacha. Mwambie alirudie. Akifanya, msifu hapo hapo na utaje alichofanya. Mpe nafasi ya kutembeza mwili. Ratiba ya siku isibadilike ovyo.

Bibi wa Kivinje angesikiliza orodha hiyo akauliza ni wapi penye jambo geni. Kwa sehemu kubwa, hakuna. Pengine geni ni sifa, maana wazee wetu walikuwa wepesi wa kukosoa na wachoyo wa kusifu, wakihofia kijicho au kumvimbisha mtoto kichwa. Hapo tuna la kujifunza. Mengine tunayo. Tumeyaacha tu kwa haraka ya maisha: tunampigia mtoto kelele kutoka chumba cha pili huku macho yapo kwenye simu, tunatoa maagizo manne kwa pumzi moja, kisha tunatangaza kwamba hasikii.

Kabla ya hayo yote, ile maana ya kwanza ichunguzwe kwanza. Mtoto asiyesikia apimwe masikio. Usaha wa sikio unaojirudia unaweza kupunguza usikivu kimya kimya. Na katika ukanda wetu wa malaria, aulizwe aliwahi kuugua nini. Watafiti waliowafuatilia watoto jijini Kampala baada ya malaria kali ya ubongo waliona kwamba baadhi yao walikuwa na matatizo ya umakini hata miaka miwili baadaye. Aulizwe pia analala saa ngapi na amekula nini. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Lindi mjini, na Muhimbili iko mbali zaidi, Dar es Salaam. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe Rufiji mwaka 2003 safari hiyo haingoji tena pantoni. Bado kwa mama wa Nanjirinji nauli ya kwenda na kurudi, mara kadhaa kwa mwaka, ni mlima. Mtoto wa Salma wa leo atafikishwa kwa mtaalamu. Mwenzake wa Nanjirinji atategemea walio karibu naye: mama, bibi, mwalimu wa chekechea, ustadhi wa madrasa. Ndiyo maana namna tunavyomsemesha si jambo la pembeni. Kwa watoto wengi wa pwani hii ndiyo huduma pekee itakayowafikia.

Kiswahili kilichotupa hasikii kimetupa pia maneno ya kutokea. Mtundu ni mtoto msumbufu, lakini pia tunasema fundi mtundu, tukimaanisha mtu ambaye mikono na akili yake havikubali kushindwa. Jahazi likitoboka katikati ya safari, huyo ndiye unayemtaka awemo. Na kutoka kwenye kusikia tumepata kusikilizana, kitenzi cha watu wawili. Tunakitumia kwa mume na mke, kwa majirani, kwa washirika wa biashara: wale wanasikilizana. Kwa mtoto wa miaka mitano hatukitumii. Tunamhesabia upande wake tu, kana kwamba maneno yakidondoka njiani aliyeyarusha hana hisa. Mwalimu anayemwita mzazi shuleni, badala ya kusema mwanao hasikii, anaweza kusema mimi na mwanao bado hatujaweza kusikilizana. Sentensi hiyo inamweka mwalimu ndani ya tatizo, na mzazi pia, na swali linalofuata litakuwa la kazi: tumsemesheje?